Kikundi cha Ukoo: IGIZO LA JUMAMOSI

Alhamisi

Da Zuhura, 19:02: Haya jamani, keshokutwa hiyo. Igizo ni la kina dada Fox. Tatu ni Maggie, Asha ni Kate, mimi ni Leah, dada yao mkubwa. Nani analeta meza? Ya mbao, isiyotikisika.

Da Zuhura, 19:40: Tiki za bluu naziona. Meza!

Juma, 19:43: Fox si mbweha? Nilete mkia?

Da Zuhura, 19:47: Juma, ni jina la ukoo. Hydesville, jimbo la New York, Machi 1848. Watoto wawili wanamtisha mama yao usiku, tufaha wamelifunga uzi wanaligongesha sakafuni. Majirani wakaitwa, wakaamini ni roho ya mtu aliyeuawa mle ndani. Novemba 1849 tayari Maggie na Leah wako jukwaani Rochester, watu wanalipa kiingilio. Ikawa ndiyo kazi yao: unamuuliza marehemu swali, anajibu ko ko ko.

Kaka Hamisi, 19:50: Wa kwetu hawapokei hata simu, na wako hai 😂

Tatu, 20:15: Tufaha hilohilo miaka yote?

Da Zuhura, 20:16: Hapana, vidole vya miguu! Maungio. Maggie alikuja kusema mwenyewe, New York, Oktoba 1888. Akavua kiatu, akaweka mguu juu ya mbao, akaalisha vidole, ukumbi ukasikia. Ndiyo maana nadai MEZA.

Juma, 20:18: Asha akipanda ngazi tu magoti yanamwita marehemu

Asha, 22:51: Ndo naingia. Leah umejipa wewe kwa nini?

Da Zuhura, 22:51: Kwani mkubwa nani?

Asha, 22:54: Nimesoma na mimi. Wadogo wanagonga, mkubwa ndiye msimamizi. Siku ile Maggie anaungama, Kate alikuwepo ukumbini, wote wawili wamekorofishana na dada mtu.

Tatu, 22:55: Asha, usianze.

Asha, 22:55: Sijaanza. Nauliza tu ule mkoba wa kahawia uko wapi.

Juma, 22:56: Ewe mkoba, kama umo humu gonga mara mbili

Da Zuhura, 23:04: Zile tuzo za harusini niliwanunulia viatu.

Asha, 23:05: Jozi moja. Tukavaa kwa zamu.

Kaka Hamisi, 23:20: Kwani meza ilipatikana?

Ijumaa

Mama Mkubwa, 05:58: Wanangu, nimesomewa yote. Baba yenu mkubwa hajatimiza mwaka, nanyi mnataka kugonga meza kwangu mkiita wafu. Na huo mkoba, Asha, uniulize mimi. Si humu.

Da Zuhura, 06:03: *Ujumbe huu umefutwa*

Tatu, 07:30: Shikamoo Mama Mkubwa. Utuwie radhi.

Da Zuhura, 09:12: Shikamoo Mama. Basi tubaki na ile ya mwisho tu, ya kuungama. Pale haitwi mtu, ni vidole tu.

Juma, 09:15: Mwaka uliofuata si alikana tena? Akasema lile ungamo ndilo uongo. Hiyo mnaiweka wapi?

Da Zuhura, 09:16: Juma, kalete viti.

Asha, 12:40: Mama, nakuja leo jioni.

Da Zuhura, 12:41: Asha, Kate utacheza au hutacheza? Nijue.

Da Zuhura, 14:20: Asha?

Mjomba, 17:35: Ndo naona hizi. Meza ninayo, ila mguu mmoja unacheza.