Nilipeleka tivi gemu yangu ya utotoni kwa fundi tao, nikarudishiwa ganda tupu

Wadau, nimekasirika na sitajifanya nimetulia. Leo ni siku ya nne tangu nichukue mashine yangu kwa fundi, na kila nikiitazama pale mezani mwili wote unachemka. Nimeibiwa. Si simu wala laptopu, ni tivi gemu, ile ya kaseti za manjano tuliyokuwa tunachomeka nyuma ya tivi kwenye tundu la eriali. Anayeona ni kitu kidogo apite tu, sina ugomvi naye.

Baba alituletea mashine hiyo mwaka 1997, tukikaa Umoja, Nairobi. Nilikuwa darasa la nne, mdogo wangu darasa la pili. Mama alikuwa anaficha adapta kabatini mpaka shule zifungwe, na siku ya kwanza ya likizo watoto wa ploti nzima walikuwa wanajaa sebuleni kwetu, wengine wamesimama dirishani. Kulikuwa na Mario, Contra, gemu ya bata, ile ya magari. Lakini nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Tanki. Jina lake halisi ni Battle City, Namco waliitoa mwaka 1985, sisi tuliijua kwa jina la Tanki basi. Watu wawili upande mmoja, mnalinda yule tai pale chini aliyezungushiwa matofali, na mkizubaa mnaweza kumpiga tai wenu wenyewe kwa risasi yenu. Mdogo wangu amempiga tai mara ngapi sijui. Tumelia, tumepigana, tumenyimana chakula kwa sababu ya huyo tai.

Gemu hiyo ina sehemu ya kujijengea uwanja wako. Unazunguka na tanki ukiweka matofali, chuma, maji na majani unavyotaka. Mdogo wangu alikuwa anaweza kukaa nusu saa akijenga, anamzungushia tai chuma tupu, halafu stima inapotea na kila kitu kinafutika, kwa sababu mashine ile haikuwa na mahali pa kuhifadhi chochote. Stima ikirudi anaanza upya, tofali kwa tofali. Ndiyo maana tuliijua mashine hiyo kama kiganja cha mkono. Si kwa kuiangalia, kwa kuirudia.

Sasa mdogo wangu anafanya kazi Mombasa na huja nyumbani Desemba. Desemba iliyopita tuliitoa kwenye katoni chini ya kitanda cha Mama. Tulipowasha, taa nyekundu ikawaka sekunde mbili hivi, ikazima. Tukajaribu tena, ikazima tena. Tuliahidiana kwamba Desemba inayokuja tutaikuta imepona, na kwa kuwa mimi ndiye niko Nairobi, kazi ikawa yangu.

Nikaipeleka tao, kwenye eksibisheni moja kati ya vichochoro vya River Road. Jina la duka sitaliandika hapa, kesi yangu sitaki iharibikie mtandaoni. Fundi akaigeuza mara moja, akacheka, akaniambia, "Madam, hizi ni vitu za watoto wa zamani, unataka za nini?" Nikamwambia nataka iwake tu, nadhani ni mambo ya umeme. Mashine za aina hii ndani zina kipande kidogo chenye miguu mitatu, 7805, kinachoshusha umeme wa adapta hadi volti 5, na kikifa au soketi ya adapta ikilegea dalili ndizo hizo hizo. Kipande hicho bei yake haizidi nauli. Nilipokitaja aliniangalia kama mtu aliyetajiwa jina la mke wake na mgeni. Akasema wiki moja, shilingi 1,800, nikaacha 500.

Wiki moja ikawa tatu. "Kuja kesho." "Kuja Ijumaa." "Kijana wa spea hajafika." Mnaijua ngoma hiyo.

Siku ya kuchukua, nikaikuta imewashwa kwenye tivi bapa ya dukani kwake, Mario anakimbia. Nawaambia ukweli, nilifurahi nusura nimkumbatie huyo fundi. Nikalipa salio kwa M-Pesa pale pale, akanifungia kwenye gazeti, nikaenda moja kwa moja kwa Mama, kule kule Umoja. Kaseti zangu zote zilikuwa huko huko nyumbani, sikuzipeleka dukani. Naomba mlikumbuke hilo.

Mama bado ana tivi yake ya mgongo, ile nene ya zamani. Tangu Kenya ihamie dijitali mwaka 2015 tivi hiyo haishiki chochote bila king'amuzi, lakini kwa gemu haihitaji king'amuzi. Nikachomeka, nikatafuta chaneli kwenye chengachenga. Nikawasha mashine kabla sijaweka kaseti. Zamani ukifanya hivyo unapata kioo kitupu cha rangi moja, basi. Safari hii kikaja kitu kimeandikwa "500 in 1", orodha ndefu yenye mshale na kamuziki ka kuudhi.

Nikasimama na kaseti mkononi. Kaseti haijaingia. Hizi gemu zimetoka wapi?

Ndipo nikaelewa kwamba yule Mario wa dukani hakuwa kwenye kaseti yoyote. Nilimwona akikimbia nikadhani fundi ana kaseti yake ya kujaribia. Kale kamfuniko ka juu kalikuwa kamefungwa, na mimi kwa furaha sikukainua kuangalia.

Nikachomeka bastola. Ile nyekundu ya plastiki, ya gemu ya bata. Nikapiga, nikapiga, hata bata mmoja hakuanguka. Nikampigia fundi simu, akanijibu kwa upole, "Madam, hizo bastola hazishiki kwa tivi za siku hizi." Hapo ndipo hasira yangu ilipochukua sura, kwa sababu alichosema ni kweli, na amekitumia kudanganya. Bastola ile haitoi risasi yoyote, ina jicho la kuona mwanga. Ukivuta kioo kinakuwa cheusi mara moja, kisha pale alipo bata kinatokea kisanduku cheupe, na jicho la bastola likiona weupe huo linajua umelenga sawa. Yote hayo yanapita haraka kuliko kupepesa macho. Tivi ya mgongo inachora picha papo hapo, mstari kwa mstari. Tivi bapa kwanza inaichakata, inachelewa kidogo, na huko kuchelewa kunatosha kumpa bata uhai. Sawa kabisa. Lakini mimi nilikuwa mbele ya tivi ya mgongo! Tivi ile ile tuliyoulia mabata miaka yote. Nilipomwambia hivyo akasema mtandao unasumbua, akakata.

Nikachukua bisibisi.

Mwaka 1999 soketi ya adapta ililegea, na pesa ya fundi haikuwepo. Mimi na mdogo wangu tuliifungua mashine Baba akiwa kazini, tukawasha mshumaa mwekundu, nikadondosha nta kuzunguka soketi mpaka ikakaa imara. Tulichapwa, lakini ilikaa. Ndani kulikuwa na bodi, lile bamba linaloshika vipande vyote, ya rangi ya kahawia, kubwa karibu kujaza mashine yote, na chipu mbili ndefu kama ngazi, miguu 40 kila moja, zimeandikwa UMC, hiyo ni kampuni ya Taiwan. Mdogo wangu alikwaruza herufi ya jina lake kwa bikari kwenye kona ya bodi. Mambo hayo sijayasimuliwa, niliyaona kwa macho yangu.

Wiki hii nilipofungua nilikuta kijibodi cha kijani, kidogo kuliko kiganja changu. Hakina chipu hata moja ya kuonekana, ni tone jeusi la gundi katikati, kama kinyesi cha mjusi, na nyaya nne tano zimelehemiwa ovyo kwenda kwenye padi za kuchezea. Tundu la bastola limebaki tundu tu, nyuma yake hakuna waya wowote. Na kuizunguka soketi hakuna nta. Nilipitisha kidole mahali pale. Plastiki imekwanguliwa ikawa safi.

Nimerudi dukani siku iliyofuata. Kwanza alikana, "Hiyo ndiyo bodi yako, nimeisafisha." Nikamwonyesha. Akabadilisha, eti ya kwangu iliungua kabisa, amenitafutia nyingine na kuniongezea gemu 500 bure, nishukuru. Nikamuuliza, kama iliungua kwa nini hukuniambia nikaamua mwenyewe? Nikamuuliza ya kwangu iko wapi. "Nilitupa." Wapi? "Takataka, madam, mwezi umeisha." Halafu akawageukia wateja wengine akawaambia kwa sauti kwamba kuna watu wazima wanalilia gemu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mashine yangu kwa mikono miwili.

Na hizo 500 zake nimezihesabu usiku huo huo, kurasa zote. Hazifiki hata 60. Zilizobaki ni zile zile zimebadilishwa jina, au zinaanzia katikati, au Mario amepakwa rangi nyingine akaitwa jina la mnyama. Ndiyo, hata kaseti za zamani zilikuwa na tabia hiyo, tulikuwa na moja iliyojiita ya gemu 9,999 na ndani ziko tano. Lakini Tanki kwenye orodha ya huyu mtu ukifika kujenga uwanja inaganda. Uwanja wa kujijengea haupo. Kile hasa nilichokuwa nakihitaji ndicho hakipo.

Najua kuna atakayeandika kwamba hata hiyo ya zamani ilikuwa feki. Naam, ilikuwa nakala. Yenyewe hasa ni Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983, na mitaani kwetu karibu sote tulicheza nakala. Hilo halimpi fundi ruhusa ya kuing'oa. Nintendo wenyewe waliacha kuitengeneza mwaka 2003, na mwaka 2007 wakaacha hata kuirekebisha kwa kukosa spea. Sasa fikiria nakala ya miaka ya tisini. Chipu zile za miguu 40 hakuna duka utaingia ukazipata rafuni, zinatoka kwenye mashine nyingine nzee. Kwa hiyo mtu aliyeshika bodi nzima yenye chipu zake zote mbili anajua ameshika nini. Siamini hata kidogo kwamba ilikwenda takataka.

Na atakayeniambia niweke gemu hizo kwenye simu, mpwa wangu ameshaniwekea. Nimeshukuru, nimecheza dakika kumi. Mimi sikupoteza gemu. Nimepoteza kile kitu tulichokifungua kwa mshumaa tukiwa watoto, na mtu aliyekichukua ananichekea.

Sasa ninachotaka. Sitaki 1,800 zangu, azile. Nataka bodi. Ikiwa unanunua au kuuza vitu hivi vya zamani Nairobi, ukikutana na bodi ya kahawia yenye chipu mbili za UMC, mabaki ya nta nyekundu kwenye soketi na herufi moja iliyokwaruzwa kona ya chini kulia, tafadhali niandikie hapa. Nitainunua, sitauliza umeitoa wapi. Herufi yenyewe siitaji, nitakuuliza wewe uniambie.

Pili, nani amewahi kumpeleka fundi wa namna hii kwenye Mahakama ya Madai Madogo? Najua inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja, na Katiba kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupewa taarifa anazohitaji. Nisichojua ni jinsi ya kuweka bei kwa kitu kama hiki. Risiti ya kuachia mashine ninayo, ina muhuri wa duka, na ujumbe wa malipo uko kwenye simu. Picha za ndani kabla ya kuipeleka sina, na hilo linaniuma kuliko yote. Kama una kitu chako kiko njiani kwenda kwa fundi, kifungue leo ukipige picha, bodi, chipu, skrubu, kila kitu.

Jana usiku nilimpigia mdogo wangu nikamweleza. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama kaseti ya Tanki walichukua pia. Nikamwambia hapana, iko hapa, imo ndani ya soksi ile ile. Akasema basi tutafute mashine nyingine ya kahawia ndani, hata iliyokufa, atatuma pesa mwisho wa mwezi. Mwenye nayo anijulishe. Niko tayari kuja popote, Kayole, Kikuyu, Thika, hata usiku.