Tupeane uzoefu: likizo ya joto na watoto wadogo, kumbukumbu gani haikutoki?

BabaKaptula (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Leo nilikuwa stoo natafuta bisibisi, nikakuta brashi kuukuu ya rangi, nywele zimebaki tatu. Nikajikuta nimekaa chini kabisa.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 4 likizo ile. Joto kali, mfukoni sina kitu, mtoto kachoka kukaa ndani na mimi nimechoka naye. Nikampa ile brashi na kopo la maji, nikamwambia haya fundi, piga rangi ukuta. Akapiga. Akifika mwisho, mwanzo umeshakauka. Anarudi. Siku tatu mfululizo! Siku ya tatu akaja amekunja uso: "Baba, nani anaiba rangi yangu?" Nikamwonyesha jua. Kuanzia hapo kila asubuhi anatoka nje, anasimama katikati ya uwanja na kulikemea jua.

Sasa hivi sauti imeanza kukwaruza, ukimwita anakujibu kwa mguno. Brashi nimeirudisha palepale.

Mwageni na zenu. Vitu vidogo vidogo tu, visivyo na gharama.

Mama_Doti
Kulikemea jua 😂😂 Nimecheka mpaka aliyelala ameamka. Utakuja kumbembeleza wewe.

MtuWaMvua
Mkuu umenipeleka mbali. Mimi niliwaahidi wanangu upinde wa mvua. Na sikuishia kuahidi, nilitamba mbele ya shemeji zangu kwamba ufundi huo naujua. Saa saba mchana nimeshika mpira wa maji, nimebana mdomo wake kwa kidole gumba, narusha juu kama zimamoto. Hakuna kitu. Nusu saa nzima. Watoto wamelowa, shemeji wamelowa, upinde haupo. Mama yao akachungulia dirishani akauliza kama nimebakiza maji ya kufulia.

Jioni mdogo wao akaokota mpira kuchezea, jua limeshuka liko mgongoni kwake, mara akapiga kelele: "Huu hapa! Huu hapa!" Baadaye ndipo nikaelewa. Jua lazima liwe nyuma yako, tena lisiwe juu sana, maana kadiri linavyopanda ndivyo upinde unavyoshuka. Ile saa saba huenda ulikuwepo chini kwenye majani huko, karibu na miguu, na sisi tumekodolea macho mawinguni.

Mpaka leo nikiahidi kitu nyumbani naulizwa: "Asubuhi au jioni?"

PovuJingi
Nipo hapa nasoma. Naomba kipimo cha maji ya mapovu, yale ya kupuliza. Yangu yanapasuka hata kabla hayajatoka kwenye waya.

Shangazi_Mkorofi
@PovuJingi sabuni ya vyombo kijiko kikubwa kimoja, maji vijiko kumi, sukari kidogo. Basi.

MtuWaMvua
Sukari unaita siichi wa mtaa mzima. Tia gliserini, matone machache, ulaze usiku kucha usikoroge tena.

Shangazi_Mkorofi
Siichi ndio nini? Hata siafu kuandika umeshindwa halafu unafundisha watu. Na mtoto wa miaka 3 utamwambia alaze usiku kucha? Una watoto kweli wewe?

MtuWaMvua
Kidole kiliteleza shangazi. Ninao watatu, na wote wameng'atwa na siafu wa sukari.

KijanaWaHoja
Samahani wakuu, niseme ukweli mchungu. Mnajisumbua bure. Mtoto wa miaka miwili hatakumbuka chochote. Nani hapa ana kumbukumbu yake ya kabla ya miaka mitatu? Si ya kusimuliwa, si ya picha. Yake. Wengi wetu kumbukumbu ya kwanza ni ya miaka mitatu, minne hivi. Subirini wakue kwanza ndipo mhangaike na mapovu.

Bi_Kizibao
Mwanangu, hata uji uliolishwa ukiwa na miaka miwili huukumbuki, lakini miguu ulioijenga unaitembelea.

Mama_Doti
Bibi kamaliza 🙌

KijanaWaHoja
Nakubali bibi, shikamoo. Ila basi pigeni picha, angalau ataona.

Jirani_Mpole
Picha ndizo zimetuharibia. Nina picha 40 za mwanangu akiona bahari mara ya kwanza, na mimi sikumwona. Nilikuwa naangalia kioo cha simu. Uso wake ulivyokuwa yale maji yalipomgusa kidole, naujua kwa picha tu, kama mgeni.

Shangazi_Mkorofi
Mbona mimi napiga na naona? Tatizo ni mpigaji, simu haina kosa.

Jirani_Mpole
Sawa shangazi, umeshinda.

MamaWaWatatu
Nimesoma uzi huu tangu asubuhi, nasita. Imenifungua hii ya bahari, kwa sababu hata sisi siku ile ilianza kwa vicheko.

Tulikwenda ziwani ukoo mzima. Watu wazima saba: mimi na mume wangu, wadogo zangu wawili, kaka yangu na mkewe, na mama. Watoto tisa. Kitinda mimba wangu alikuwa hajatimiza miaka minne, kavalishwa maboya mekundu ya kupuliza mikononi. Wimbi likija analikimbia, likirudi analifukuza. Na kila likirudi anajiona yeye ndiye kalishinda, anageuka kututazama kama tumeona.

Tukakaa kula. Nikamvua maboya, yalikuwa yanambana. Akakaa kwenye mkeka kati yangu na wifi. Mama akaanzisha hadithi ya siku baba alipoanguka na baiskeli mbele ya wakwe, hadithi tunayoijua wote lakini kila mwaka anaongeza kitu. Tunacheka. Mimi nilijua wifi anamwona. Wifi alijua baba yake anamwona. Baba yake alijua yuko na mimi. Watu wazima saba, macho kumi na manne, na hakuna hata moja lililokuwa kwake.

Aliyemwona ni dada yake wa miaka 7. Hakupiga kelele. Alikuja akanivuta nguo akasema, "Mama, mtoto anaangalia juu ndani ya maji." Nikamwambia subiri, bibi amalize.

Ndiyo. Nilimwambia asubiri.

Akanivuta tena, safari hii kwa kucha. Nikageuka. Alikuwa hatua chache tu kutoka tulipokaa, maji ambayo mimi yananifika magotini. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, unazama, unatokea, unazama. Hapungi mkono. Haiti. Mtu angepita pale akadhani mtoto anatazama ndege. Miguu yangu iligoma, nasema kweli, iligoma. Baba yake ndiye aliyeruka juu ya vyombo akamtoa. Akakohoa, akatapika maji, akaanza kulia. Sijawahi kushukuru kilio kama kile.

Hospitali walimweka mpaka kesho yake wakimwangalia kifua, akatoka mzima. Mimi na wifi hatukusemezana miezi minne, kila mmoja akidai alimwachia mwenzake. Mama ile hadithi ya baiskeli hajaimalizia mpaka leo, na hakuna anayemwomba.

Yeye mwenyewe hakumbuki kitu, kwa hiyo @KijanaWaHoja sijui uko upande gani hapo. Sasa ana miaka 9, ananishinda kuogelea. Anachokumbuka ni kwamba binamu yake alifukia viatu vyake mchangani vikapotea. Kila likizo anauliza lini tutarudi kuvitafuta.

Mama_Doti
Nimezima jiko. Pole sana mama.

Jirani_Mpole
"Nilimwambia asubiri." Nimeinuka kwenda kuhesabu wangu. Wapo.

KijanaWaHoja
Sina upande dada. Pole sana.

Fundi_Mstaafu
Pole binti yangu. Kwa faida ya wengine: mtoto akitolewa majini mshike miguu, mning'inize kichwa chini, maji yatoke yote. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya.

NesiWaZamu
Mzee wangu shikamoo, lakini hapana. Usimning'inize. Unapoteza muda ambao ubongo wake hauna. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, anza kumpulizia pumzi (kuna wanaofundisha mbili, kuna wanaofundisha tano), kisha kandamiza kifua mara 30 kwa pumzi mbili, usiache mpaka apumue au msaada ufike. Mwenzako anapiga simu wakati huohuo. Aliyezama kakosa hewa, kwa hiyo cha kwanza anachotaka ni hewa.

Fundi_Mstaafu
Marahaba. Mimi nilining'inizwa mwaka nikiwa na miaka sita na nipo hapa naandika.

NesiWaZamu
Walioning'inizwa wakafa hawaandiki humu, mzee wangu.

Fundi_Mstaafu
Hapo umenikamata.

Mama_Doti
Nesi, kwani yale maboya ya mikononi kazi yake nini sasa?

NesiWaZamu
Ya kuchezea tu. Yanachomoka, yanapasuka, na mtoto anajiamini kuliko uwezo wake. Afadhali jaketi la kuokolea linalomkaa vizuri, na hata akilivaa uwe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Na msidhani ni ziwani tu. Anayejifunza kutembea kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinamia ndoo akapinduka hawezi kujitoa, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha. Mkimaliza kuchezea beseni, mwageni, ligeuzeni. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 inasema mwaka 2021 walizama wakafa watu karibu 300,000 duniani, na takribani robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Alichosimulia mama hapo juu, kwamba hakuita wala kupunga, ndivyo kunavyokuwa. Mdomo unatafuta hewa, hauna nafasi ya kupiga kelele.

TuchekeTu
Jamani uzi ulikuwa wa raha, umegeuka semina. Mleta mada alisema mapovu.

MamaWaWatatu
Samahani, sikukusudia kuharibu.

Bi_Kizibao
Usiombe radhi mwanangu. Asiyetaka kusoma apite juu juu.

Shangazi_Mkorofi
@TuchekeTu wewe umechangia hadithi gani mpaka sasa? Naona unakosoa tu. (Leo kwa mara ya kwanza nipo na bibi.)

Msafiri_Kandambili
Sisi kwetu dawa ni kofia. Tukiwa majini kuna kofia moja mbaya ya njano, anayeivaa ndiye mlinzi. Hali, hashiki simu, haongei na mtu, macho kwa watoto tu. Dakika 20 anamvalisha mwingine, na lazima mwingine aseme kwa mdomo "nimeipokea". Imefanya kazi miaka yote isipokuwa siku mjomba alipoivaa akalala nayo usoni. Mjomba hapewi tena kofia.

MamaWaWatatu
Kofia nimeichukua hiyo. Asante.

TuchekeTu
Haya shangazi, yangu hii. Kuna usiku joto lilituzidi ndani, tukafunga mashuka kwenye kamba ya nguo nje, tukaita hema. Mke wangu kasoma kwamba kila mwaka katikati ya Agosti vimondo huonekana vingi, akatupanga chali kwenye mkeka kuviangalia. Dakika kumi yeye kasinzia. Nikabaki na binti wa miaka 5. Tumekaa, tumekaa, mbu wametumaliza. Ghafla kimoja hicho, kirefu, kimekata anga lote. Binti akashika mkono wangu akanong'ona: "Baba, nani kakirusha?" Nikamweleza ni kipande kidogo, aghalabu punje kama ya mchanga, kinaingia hewani kwa kasi kubwa mpaka kinawaka. Akafikiri sana. Kisha: "Tusimwambie mama. Atasema tukifagie."

Mpaka leo hatujamwambia.

Mama_Doti
🤣🤣 Umesamehewa semina.

Jirani_Mpole
Mkeo asipite humu tu.

KijanaWaHoja
Nikiri kitu. Baada ya kusoma nimekaa natafuta kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa. Nimeipata. Niko begani kwa mtu, kuna jua, na naona kivuli kimoja kirefu chini chenye vichwa viwili. Sijui nilikuwa na miaka mingapi. Nimempigia mama simu. Kasema yule ni baba mdogo, alikuwa akinibeba kila jioni kwenda kuangalia "jitu" letu barabarani. Baba mdogo alifariki nikiwa darasa la kwanza. Nilidhani sina kumbukumbu yake hata moja.

Bi_Kizibao
Haya sasa.

MtuWaMvua
Kijana, huo mchezo jioni tu, mchana kivuli kinakuwa kifupi. Mimi nimeshajifunza saa.

BabaKaptula (mleta mada)
Wakuu, nilikuwa nawaogesha ndiyo maana kimya. Nimesoma yote. MamaWaWatatu, beseni langu nimeligeuza sasa hivi nikiwa na simu mkononi, na najua ningelisahau. Wadogo nimewaachia boksi la friji nyuma ya nyumba, wametoboa madirisha, leo ni meli. Ila naona kimya kimezidi huko. Narudi.

Mama_Doti
Kimya cha watoto hakijawahi kuwa na heri. Kimbia.

Shangazi_Mkorofi
Ni rangi. Wamepata rangi ya kweli.

Mama_Doti
Mleta mada?

BabaKaptula (mleta mada)
Nimerudi. Wamelala ndani ya boksi. Na yule mkubwa mwenye mguno naye yumo, miguu yote imetokea nje, mdogo kalalia tumbo lake.

Shangazi_Mkorofi
Picha basi!

BabaKaptula (mleta mada)
Simu niliiacha ndani, shangazi. Nimekaa pale kidogo nikarudi.

PovuJingi
Jamani, kwa hiyo ni sukari au gliserini?