Chrome inajifungulia tabo yenyewe: niiweke upya, nitumie AdwCleaner, au nipige Windows?

steshenari_pasiansi
Wakuu, habari za jioni. Laptopu ni HP, Windows 10, RAM 4. Chrome inafungua tabo za kamari yenyewe, hata nikiwa nimeifunga. Nikitafuta kitu Google, natupwa kwenye ukurasa mwingine wa utafutaji. Kuna wanaosema niiweke upya Chrome, wengine nishushe AdwCleaner (programu ya kusafisha programu za matangazo na vidukizi), na fundi anataka kupiga Windows, yaani kuisakinisha upya. Ipi ianze? Kazi za wateja zimo deskitopu na bando ni la kuhesabu.

fundi_kirumba
Usipige Windows bado, mkuu. Unaweza kupoteza kazi za watu, na ukishaingia tena na akaunti yako ya Google, usawazishaji (sync) unakurudishia kiendelezi (extension, kiprogramu cha ziada ndani ya Chrome) kilekile kilicholeta balaa.

Anza na visivyokula bando. Andika chrome://extensions kwenye mstari wa anwani, ondoa kila usichokijua, hasa vya kuponi, vya kubadili PDF na vya kushusha video. Halafu chrome://settings/content/notifications, futa tovuti ngeni zilizoruhusiwa. Yale matangazo ya "kompyuta yako ina virusi" yanayochomoza kona ya chini kulia mara nyingi ni arifa ulizoziruhusu kwa kubonyeza kitufe kimoja, basi. Mwisho chrome://settings/reset. Nywila, alamisho na historia vinabaki. Viendelezi vinazimwa, vidakuzi vinafutwa, kwa hiyo utaingia upya kwenye tovuti zako.

nansio_kompyuta
Naheshimu hoja ya fundi, lakini soma tena: Chrome inafunguka *ikiwa imefungwa*. Hapo anayeiita yuko nje ya Chrome, na kuiweka upya hakumfikii.

Bonyeza Windows+R, andika taskschd.msc, ifunguke ratiba ya kazi ambazo Windows inaziendesha yenyewe. Pitia kazi moja moja, angalia kichupo cha Actions. Ukikuta chrome.exe, cmd au powershell ikifuatiwa na anwani ya tovuti, izime kazi hiyo kwanza, uifute ukishahakikisha. Halafu bonyeza kulia ikoni ya Chrome, ingia Properties, tazama mstari wa Target. Unatakiwa uishie hivi:

chrome.exe"

Baada ya hiyo alama ya kufunga pasiwe na anwani ya tovuti. Ukiona --profile-directory iache, hiyo ni ya Chrome yenyewe. Watu wengi huhangaika wiki nzima na kumbe tatizo lilikuwa limekaa kwenye ikoni waliyoibonyeza kila asubuhi.

AdwCleaner ndiyo ningeiweka mbele kwako. Ni ya Malwarebytes, ni megabaiti chache na haisakinishwi. Aliye visiwani aishushe kwenye flashi akiwa Mwanza mjini kabla ya kupanda feri. Ishushe kwenye tovuti yao tu. Nakala za mitaani ndizo zinazoleta ugonjwa wenyewe.

igoma_vipuri
Kwa wengine watakaosoma uzi huu: tabo za kamari si kibodi. Lakini kama tabo ni tupu, ukurasa unateremka wenyewe au maandishi yanakuzwa na kupunguzwa, shuku Ctrl iliyokwama au tachipedi. Fungua osk (kibodi ya kwenye skrini) kwa Windows+R. Kitufe kilichong'ang'ania kinaonekana kimebonyezwa. Huku ziwani, wale wadudu wadogo wanaofuata mwanga usiku huingia chini ya vitufe. Zima mashine, iinamishe, ipulize. Usimwage spiriti.

mtandao_capripoint
Kipimo cha dakika 5: zima Wi-Fi ya ofisini, tumia data ya simu. Utafutaji ukitulia, na simu zilizo kwenye Wi-Fi hiyo nazo zinatupwa, basi DNS ya ruta (mpangilio unaoelekeza majina ya tovuti) imebadilishwa. Irudishe, badilisha nywila ya ruta. Laptopu haina kosa.

steshenari_pasiansi
Kwa data ya simu inafanya vilevile. Kiendelezi kimoja hakina kitufe cha kuondoa, na Chrome inasema inasimamiwa na shirika. Mashine ni yangu, sina shirika.

nansio_kompyuta
Umeshampata. Fungua chrome://policy, utakuta sera iitwayo ExtensionInstallForcelist: kiendelezi kimelazimishwa kupitia rejista (registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows). Fuata mpangilio huu: zima usawazishaji, endesha AdwCleaner, weka vilivyopatikana karantini, washa upya, pitia taskschd.msc, ndipo chrome://settings/reset. Ukianza na reset, sera itakisakinisha tena. Ikibaki, ifute kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, ila hifadhi nakala ya rejista (export) kwanza.

fundi_kirumba
Nakubali, dada, mpangilio wako ndio sahihi kwa kesi hii. Naongeza skani ya nje ya mtandao ya Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, kama dakika 15, mashine inajiwasha upya yenyewe. Ikikamata kitu kisha kikarudi, hapo kupiga Windows kuna haki yake: nakili kazi za wateja kwenye flashi moja, tumia nyingine ya GB 8 au zaidi kwa Windows. Usinakili mafaili ya .exe. Na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine inakubali Windows 11, weka hiyo.

Nywila za barua pepe na benki zibadilishe leo, kwenye simu, si kwenye laptopu hiyo.