MJADALA: Takadini ibaki kwenye somo la Kiswahili au ipishe hadithi za kwetu?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kwa wasioijua, Takadini ni riwaya ya Ben J. Hanson. Iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, ikaletwa kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi imesomwa kidato cha tatu na cha nne hapa Tanzania. Mambo yanatokea Zimbabwe, kwa Washona. Sekai amekaa miaka bila mtoto, kisha anajaliwa mwenye ualbino, ndiye Takadini. Mila inataka mtoto huyo asiishi. Mama anambeba na kutoroka usiku, anapokelewa kijiji kingine na mzee Chivero, mtoto anakua, anajifunza kupiga mbira, ala ya muziki ya Washona, na mwisho anaoa.

Hadithi nzuri, sibishi. Ninachobishia ni nafasi iliyopewa. Kuanzia 2006 na 2007 hivi tulianza kusikia watu wenye ualbino wanauawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa. Waliofanya hivyo hawakuwa wazee wa mila walioogopa mkosi. Walikuwa wanatafuta pesa. Waganga waliwaambia kiungo cha mtu kinaleta bahati mgodini na ziwani. Sasa linganisha: kwenye riwaya mtoto anakataliwa kwa sababu anaonekana hana thamani; kwetu aliwindwa kwa sababu alipangiwa bei. Kijana wa Geita akimaliza kitabu anaweza kusema "hao Washona wa zamani walikuwa wakatili", akalala vizuri.

Nasema nafasi hiyo ipewe riwaya iliyoandikwa juu ya kisa cha hapa. Nawasilisha.

Mwalimu wa Kiswahili, Shinyanga
Mkuu, kuna jambo hulioni kwa sababu hujasimama mbele ya darasa. Jaribu kuwauliza wanafunzi wa huku: "Kijijini kwenu nani aliwahi kutajwa kwenye mambo haya?" Darasa zima litainamia madaftari, na kesho yake mzazi yuko mlangoni kwa mkuu wa shule. Lakini uliza: "Sekai angebaki, nani angemtetea?" Mikono inapanda. Mmoja anasema baba, mwingine anabisha, wa tatu anataja shangazi yake mwenyewe bila kujitambua. Huo umbali unaoulalamikia ndio unaonisaidia kufundisha.

Nakubali kwamba hofu ya riwaya na hofu ya kwetu si moja. Lakini hilo ni swali zuri la kuwatupia wanafunzi. Sioni kwa nini liwe sababu ya kuondoa kitabu.

Mchangiaji wa tatu
Mdogo wangu ana ualbino, kwa hiyo nitasema yangu.

Mtaani walikuwa wakimwita "dili". Mnajua maana yake: kitu cha kuuzwa. Alipofika kidato cha tatu wenzake wakaanza kumwita Takadini. Nilitaka kwenda kuwasha moto shuleni, akanizuia. Akasema: "Kaka, huyu angalau ana mama anayempenda, ana mke, na anajua muziki." Sikuwa na jibu.

Kilichomuudhi kilikuwa kingine. Kila mwalimu alipotaka mfano, ilikuwa "kama mwenzenu huyu hapa", na yeye anasimamishwa. Miezi yote waliyosoma kitabu hicho, hakuna aliyefikiria kumsogeza dawati la mbele. Macho yake hayaoni ubao kutoka nyuma, na kofia ya ukingo mpana aliyovaa kujikinga na jua aliambiwa avue kwa kuwa si sehemu ya sare. Kwa hiyo mkiniuliza kitabu cha Zimbabwe au cha hapa, tuseme Sengerema huko Kanda ya Ziwa, kwetu nyumbani swali la kwanza lilikuwa mwalimu amekielewa au amekipitia tu.

Msomaji, Eldoret
Majirani, mimi naona mnagombania mpaka. Ken Walibora, Mungu amrehemu, alitupatia riwaya ya Siku Njema mwaka 1996. Kijana anatoka Tanga anamtafuta baba yake mpaka Kitale, huku kwetu Kenya. Sisi wa Bonde la Ufa tuliisoma tukaipenda Tanga bila kufika. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba mhusika mkuu si wa huku. Zimbabwe imekosea nini?

Mleta mada
Ndugu wa Eldoret, mfano wako unanisaidia mimi. Walibora alikuwa mtu wa Kitale, akaandika kwa Kiswahili, akaunganisha huku na huko kwa safari ya mtu mmoja. Hicho ndicho ninachoomba: mtu wa hapa aandike akiangalia hapa. Takadini ilipikwa kwa wasomaji wengine, sisi tukapakuliwa.

Kwa mwalimu: hoja ya umbali nimeielewa, na kusema kweli imenitikisa kidogo. Ila ni walimu wangapi wanaovuka kutoka Zimbabwe kurudi nyumbani kama wewe?

Muuza vitabu, Dar es Salaam
Wachache. Nawaambia nikiwa nyuma ya meza. Msimu wa mitihani riwaya yenyewe inakaa rafu, kinachokwisha ni kijitabu cha uchambuzi. "Takadini: ni mhusika mkuu, ni mpole, ni mvumilivu. Sekai: ana mapenzi ya dhati kwa mtoto wake." Kijana anakariri hayo kwa sababu swali litamtaka atumie riwaya mbili kuthibitisha jambo fulani. Leteni hiyo ya Sengerema, na yenyewe itapata uchambuzi wake kabla wino haujakauka.

Jambo la pili ni soko. Riwaya ya vijana isiyo kwenye orodha ya shule, mchapishaji anaiogopa. Na orodha ikikaa muda mrefu bila kubadilika, waandishi wapya wanaandikia nani? Hapo namuunga mkono mleta mada, japo si kwa sababu zake. Angalau sasa kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake walianza kutangazwa 2023, na hadithi za watoto nazo zimo.

Mwalimu wa Kiswahili, Shinyanga
Kwa mchangiaji wa tatu: pole sana kwa mdogo wako. Nimesoma maneno yako nikakumbuka jinsi ninavyopanga darasa langu. Nitalishughulikia kesho.

Mleta mada, zisomwe zote mbili. Kijana aanze na Sekai, kisha apewe kisa cha hapa kilichoandikwa bila woga, na mtihani umtake aseme wapi zinatofautiana. Hapo kijitabu cha uchambuzi hakitamwokoa.

Mleta mada
Hilo nalikubali, kwa sharti kisa cha hapa kiwepo kweli, isiwe ahadi.

Muuza vitabu, Dar es Salaam
Basi andika mkuu. Nafasi ya rafu nakuwekea.

Mleta mada
Mimi ni mhasibu jamani.