"Usipoelewa, piga Hapana": ushauri huu naupinga

Ndugu zangu, kila Novemba ya uchaguzi ikikaribia, sisi Waswahili tulioko Marekani tunarithishana ushauri mmoja: swali usilolielewa kwenye karatasi ya kura, lipigie Hapana. Mimi nilipewa na mzee ninayemheshimu, nikiwa ndiyo kwanza nimepata uraia. Hoja yake fupi: Hapana haiharibu kitu, mambo yanabaki yalivyokuwa. Nasema ushauri huu unatupoteza. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

Tatizo linaanzia kwa tulivyozoea nyumbani. Kenya 2010 tuliulizwa swali moja tu la Katiba: kijani Ndiyo, nyekundu Hapana, ukatoka zako na wino kidoleni. California mwaka 2016 wapiga kura walikutana na maswali 17 ya jimbo peke yake, kabla ya yale ya kaunti na ya mji. Mtu anafika la tisa macho yamechoka, na hapo ndipo ushauri wa mzee unapokuwa mtamu.

Sasa aibu yangu. Mwaka 2022 nilipiga kura huku California kwa mara ya kwanza. Kura hutufikia kwa posta, kwa hiyo niliijazia jikoni, chai pembeni inapoa. Nikafika Prop 31 (Prop ni kifupi cha "proposition", yaani swali la jimbo), tumbaku zenye ladha. Maelezo yamejikunjakunja. Nikawaza: tumbaku? Na watoto hawa ninaowalea? Nikajaza wino kiduara cha Hapana, nikaramba bahasha, nikalala usingizi mnono. Binti yangu alipokuja kusikia alicheka mpaka akakaa chini: "Baba, umewapigia kura wenye sigara!"

Ilikuwa hivi. Agosti 2020 gavana alitia saini sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa bidhaa nyingi za tumbaku zenye ladha, ianze Januari 2021. Kampuni za tumbaku zikakusanya saini za wapiga kura, na California saini za namna hiyo zikitimia, sheria husimama mpaka wananchi waamue. Kwa hiyo hatukuulizwa kama tunaitaka tumbaku. Tuliulizwa kama sheria iliyokwisha pitishwa ibaki. Ndiyo ilikuwa kuibakiza, Hapana kuifuta. Ilibaki, kwa karibu asilimia 63, hivyo kosa langu halikumuumiza mtu. Lakini angalieni faida ya aliyeshindwa: aliendelea kuuza kwa karibu miaka miwili bidhaa zilizokwisha katazwa. Mifuko ya plastiki ilipita njia hiyo hiyo, sheria ya 2014 ya kuipiga marufuku ikakwama mpaka kura ya 2016. (Kenya 2017 ilitosha tangazo kwenye gazeti la serikali, hakuna aliyetuuliza lolote.)

Jibu la wanaonipinga ninalo, maana mzee mwenyewe alinijibu: "Hilo lilikuwa la kufuta sheria. Mengi huwa ya kuleta sheria mpya, na ikishaingia kwa kura haing'oki." Hapa ana haki, na nitampa mfano mzuri kuliko aliotoa yeye. Prop 22 ya 2020, kampuni za Uber, Lyft, DoorDash na wenzao walimwaga zaidi ya dola milioni 200 ili madereva wa programu zao wahesabiwe kuwa wamejiajiri, si waajiriwa. Wengi wetu tunaendesha magari hayo, kwa hiyo linatugusa mfukoni. Ilipita, na ndani yake ilikuwa na kifungu kwamba bunge la jimbo likitaka kuirekebisha lipate kura saba katika kila nane. Nani anazipata hizo? Pale, Hapana ya tahadhari ilikuwa na maana.

Ila ona mzee alichokubali bila kujua: lazima kwanza ujue swali ni la kuleta au la kufuta. Ukishajua hilo, umeshaanza kuelewa, na ushauri wake hauhitajiki tena.

Kuna wanaosema pia kwamba swali limetoka kwa wananchi kwa sababu lina saini zao. Jamani. Mmewaona wale vijana wa meza nje ya supamaketi? Wengi hulipwa kwa kila saini. Nimesimamishwa mikono yote ina mifuko, "ni kwa ajili ya shule, kaka," nikasaini nikiwa nimeshika maziwa kwa kidevu. Kuleta sheria ya kawaida California kunataka saini sawa na asilimia 5 ya kura za ugavana zilizopita, kubadili katiba asilimia 8. Mwenye fedha hazimshindi.

Ninachofanya siku hizi: kitabu cha mpiga kura kikija kwa posta, natafuta sehemu inayosema Ndiyo maana yake hii, Hapana maana yake hii. Kiswahili hakimo, basi namwita binti. Nikishindwa kabisa, naacha wazi, na kura zangu nyingine zinahesabiwa kama kawaida.

Najua si kila jimbo liko hivyo. Florida, badiliko la katiba linataka asilimia 60, maana yake Hapana moja ina uzito wa Ndiyo moja na nusu. Mwaka 2024 pendekezo la haki ya kutoa mimba lilipata asilimia 57 na likaanguka. Na Minnesota, ambako tuko wengi wa Afrika Mashariki, badiliko la katiba lazima lipate zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura siku hiyo, kwa hiyo ukiliacha wazi umelipigia Hapana. Hapo kanuni yangu mimi pia inavuja. Walioko Minneapolis na St. Paul, nyinyi mnafanyaje?