CG125 ya mzee inakula oili: nichonge silinda, nifunge injini ya Mchina au niuze?

mtoto_wa_ifakara: Wakuu habari. Mzee kaniachia pikipiki Honda CG125 ya kizamani, ile yenye pointi (kiswichi cha kukatakata umeme wa plagi) na umeme wa volti 6, usiku afadhali tochi ya simu. Inapiga moshi wa bluu na oili naongeza kila wiki. Nawaza nichonge silinda itanuke niweke pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya kiwandani), au nifunge injini ya Kichina ya cc 200, au niuze nichukue Boxer. Kazi yake ni kutoa mpunga shambani tu.

fundi_kijiwe: Usiuze. CG haina cheni ya taiming, valvu zinasukumwa na vijiti kutoka chini ndo maana imedumu. Ila kabla ya yote toa plagi, mwagia kijiko kimoja cha oili mle kwenye tundu, rudisha plagi piga kiki. Ikiwa nzito kuliko mwanzo ringi zimekwisha, ikibaki nyepesi vilevile angalia valvu, kuchonga utakuwa unatupa hela.

Bonde2: Mi nilifunga 200 kwenye fremu ya 125, mlima inapanda kama haina mzigo sidanganyi, lakini sproketi ya mbele haikulingana mstari na ya nyuma cheni ikawa inakula meno upande, na breki zenyewe ni dramu zilezile za 125. Halafu namba ya injini haifanani na kadi, trafiki akiinama tu kuangalia jasho linanitoka mpaka nilipoenda kubadilisha.

mama_Nuru: Kwa bodaboda Boxer haina ubishi, spea mpaka kijijini. Kwa mpunga gharama yote hiyo ya nini? Hela itakayobaki hamia volti 12 na CDI (kifaa cha kielektroniki kinachowasha plagi badala ya pointi), ila ubadilishe sumaku, koili na balbu, sio kubandika betri kubwa tu, utaunguza taa zote.

mtoto_wa_ifakara: Nimejaribu kijiko cha oili, kiki ikawa nzito mpaka imenirudisha mguu 😂 basi ni ringi. Nikafungua, nimekwangua masizi juu ya pistoni nakuta imeandikwa 0.50, yaani ovasaizi ya nusu milimita. Kumbe mzee alishachonga na hakuwahi kusema!

fundi_kijiwe: Haha wazee! Basi sasa ni 0.75, na ya 1.00 bado ipo mbele. Pistoni nunua kwanza, umpelekee mchongaji pamoja na silinda aifuate hiyo, asichonge kwa kukisia.