Jasi ya fosfeti: itandazwe barabarani, imwagwe shambani, au ibaki vilimani?

Mtoa hoja, Nakuru: Wandugu, kiwanda kinapochanganya mwamba wa fosfeti na asidi ya salfuriki, kila tani ya asidi ya fosforiki ya kutengenezea mbolea huacha takriban tani tano za jasi, na radiamu, metali yenye mionzi iliyotokana na urani ya mwamba, hubaki humo. Florida peke yake ina zaidi ya tani bilioni moja zilizorundikwa kama vilima. Oktoba 2020 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliruhusu itumike kujengea barabara, kisha Juni 2021 likaiondoa ruhusa hiyo. Na mwamba wa fosfeti hauko mbali nasi: ule wa Sukulu uko Tororo, Uganda, ng'ambo tu ya Malaba. Je, jasi ya namna hii ikiletwa kwetu kama dawa ya udongo wenye tindikali, tuikubali? Nahofia mkulima wetu ataipokea bila kuuliza, kama anavyopokea kila gunia.

Mkulima, Lugari: La barabara nawaachia wahandisi, lakini hilo la "bila kuuliza" limenichoma. Mwaka 2024, tulipouziwa mbolea bandia, nilirudisha magunia manne dukani nikauliza kwa nini haiyeyuki, nikaambiwa nimeihifadhi vibaya.

Mhandisi, Kisumu: Pole, mzee wangu. Hata hivyo, vilima navyo si salama: mwaka 2016 shimo lilifunguka chini ya kilima kimoja cha jasi katika kiwanda cha mbolea cha New Wales, Florida, na zaidi ya lita milioni 800 za maji machafu zikazama ardhini. Afadhali jasi iwe chini ya lami. Mashambani, nakumbuka, Marekani imeipiga marufuku kabisa.

Mwalimu wa kemia, Kakamega: Haikuipiga marufuku. Tangu 1992 inaruhusiwa shambani iwapo wastani wa radiamu hauzidi bekereli 370 (kipimo cha mionzi) kwa kilo, na wakulima wa njugu karanga wameitumia, kwa kuwa karanga huhitaji kalisi nyingi zinapojaza maganda. Kilichozuiwa ni barabara, kwa hofu kwamba ikija kuachwa, watu watajenga nyumba juu yake na kuvuta radoni, gesi yenye mionzi inayotokana na radiamu, nawe mhandisi unajua hifadhi za barabara zetu zinavyojaa nyumba. Tena jasi haiondoi tindikali. Hushusha kalisi hadi udongo wa chini na kupunguza madhara ya alumini kwenye mizizi. Kinachoondoa tindikali ni chokaa, na mawe yake yanachimbwa Koru, hapa hapa kwetu.

Mhandisi, Kisumu: Mwalimu, uvamizi wa hifadhi si kosa la mhandisi. Sisi huweka alama za mipaka, wenye mamlaka hawazilindi.

Mkulima, Lugari: Mwalimu, hizo bekereli 370 ndizo ninazozitaka. Miaka ya 1990 fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania ililetwa mashambani huku Magharibi, mwamba uliosagwa tu, wenye urani nyingi kuliko ya kawaida, na kijijini kwetu sikusikia mtu akitaja radiamu. Tuliimwaga kwa mikono mitupu. Nani angeuliza jambo ambalo hakuambiwa kwamba lipo?

Mtoa hoja, Nakuru: Mzee, nimekosea, na neno "bila kuuliza" naliondoa. Basi nauliza hivi: kiasi cha radiamu kiandikwe kwenye gunia, kama inavyoandikwa asilimia ya fosfeti?

Mkulima, Lugari: Kiandikwe, pamoja na jina la maabara iliyopima.